Maswali ya masika shuleni: miche, mahindi ya makande, radi na gata

Maswali ya safari hii yametoka shule za vijijini zinazopata masika, Machi hadi Mei, isipokuwa moja la Kongwa nililolichukua makusudi. Mengi yanauliza jambo lilelile: kazi iliyotakiwa kufanywa Februari inafanywaje Aprili. Nitayajibu, ila mengine jibu lake ni kwamba mmechelewa na hasara mmeshaipata.

Mwaka jana Siku ya Taifa ya Kupanda Miti tulipanda miche 500, imebaki kama 30. Mwaka huu tumepewa mingine 400. Tufanyeje isife? (Mwalimu wa mazingira, Handeni)

Rudisheni 300, mwalimu. Mche mchanga unataka lita 5 mara mbili kwa wiki tangu masika yanapokatika hadi vuli ishike. Miche 100 tu ni lita 1,000 kila wiki, yaani ndoo 50 za lita 20. Miche 400 ni ndoo 200, na shule inayochota kisimani haiziwezi, tena Juni watoto wakiwa likizo. Mbuzi na mchwa walichukua yao, lakini miche yenu mingi iliuawa na likizo ya Juni.

Hiyo 100 iliyobaki ipandwe kwa adabu. Shimo la mti wa matunda liwe sentimita 60 kila upande, la mti wa kivuli au mbao 45, na lichimbwe Februari. Udongo wa juu, ule mweusi, uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine. Wakati wa kufukia, ule wa juu uchanganywe na debe moja au mawili ya samadi iliyooza, uingie kwanza penye mizizi. Samadi mbichi huunguza. Kabla ya kupanda, chomeka chuma ardhini: kikizama sentimita 30 kwenye udongo uliolowa, panda. Kisipozama, ahirisha, hata kama mgeni rasmi ameshawasili.

Kiriba kichanwe na kitolewe chote. Miche mingi inayodumaa ukiifukua unakuta plastiki bado imeikaba mizizi. Zungushia kisahani cha kushika maji, tandaza nyasi unene wa sentimita 10, ila zisiguse shina, maana hapo ndipo mchwa wanapopandia. Mwembe ukae mita 10 kutoka ukuta wa darasa. Mkaratusi usipandwe kabisa karibu na kisima.

Kisha gaweni: mche mmoja kwa watoto wanne wa darasa la tatu, wawe nao mpaka wamalize shule ya msingi. Zamu ya Juni iandikwe kwa majina ya wanaokaa karibu na shule, na kamati ya shule iisimamie. Kumwachia mlinzi peke yake miti 100 ni kumwonea.

Sisi tuko Kongwa. Aprili 1 tunahimizwa kupanda miti wakati mvua zinaaga. Tukatae? (Mwalimu mkuu msaidizi)

Msikatae siku, badilisheni kazi. Dodoma mna msimu mmoja wa mvua, unaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Miti yenu ipandwe Desemba mwishoni au Januari, mvua zikishashika. Aprili 1 iwe siku ya kupalilia, kutandaza nyasi na kuhesabu iliyo hai. Na taarifa inayokwenda wilayani iseme miche mingapi iko hai. Idadi ya iliyopandwa haimsaidii mtu, na ndiyo inayotufanya tupande mamia kila mwaka kwenye mashimo yaleyale.

Wazazi walichangia mahindi na maharage ya makande. Sasa stoo inanuka ukungu na magunia ya katikati yana joto. Tukiyaanika yatafaa? (Mjumbe wa kamati ya shule, Korogwe)

Gunia lenye joto na harufu ya ukungu msimlishe mtoto. Ukungu huo unaweza kuwa umeacha sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kuanika, kuosha wala kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani kama hayo. Msiyapeleke kwa kuku wala ng'ombe wa maziwa pia, kwa sababu sumu huwarudia watu kupitia mayai na maziwa. Yateketezwe mbele ya kamati na iandikwe kwenye muhtasari. Magunia ambayo hayajapata joto yachambuliwe kwenye ungo punje kwa punje: zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizotobolewa zitupwe.

Tatizo lilianzia mlangoni. Kila mzazi alileta debe lake, hili kavu, lile limevunwa juzi, yote yakamwagwa pamoja. Debe moja bichi hutosha kuharibu gunia zima. Lipimeni kila debe linapopokelewa. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko vitatu vya chumvi iliyokaushwa kwenye kikaango ikapoa, funga, tikisa dakika mbili au tatu, acha dakika 15. Chumvi ikiganda pembeni mwa chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, arudi nayo akayaanike. Mnataka yashuke hadi asilimia 13 au chini kidogo. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi mtu apite, wala yasiguse bati. Mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, inafaa sana, lakini ukifunga ndani yake mahindi mabichi umefunga uozo.

Vidonge vya kufukizia msivitumie kwenye darasa lililogeuzwa stoo wala chumba anacholala mlinzi. Gesi yake inaua binadamu kama inavyoua dumuzi.

Kiasi: kadirieni gramu 120 za mahindi na 30 za maharage kwa mtoto kwa siku. Kwa siku 194 za masomo hiyo ni kilo 23 na ushei za mahindi na karibu kilo 6 za maharage. Debe moja la mahindi, ambalo ni kama kilo 18, halimalizi mwaka. Waambieni wazazi hivyo Januari, siyo chakula kikiisha Agosti. Na wazazi wenzangu, kuchagua mahindi mabovu kwa kuwa "ni ya shule tu" ni kumpakulia mwanao sumu. Ni yeye atakayeyala.

Shule zinafungwa lini mwezi wa sita? (Wasomaji wengi)

Kalenda ya mihula hutolewa na wizara kila mwaka na kila mwalimu mkuu anayo. Kamwulizeni.

Radi ikianza, wazazi wanatutaka tufunike vioo na kuwavua watoto nguo nyekundu. Hatua sahihi ni zipi? (Mwalimu wa zamu, Muleba)

Nguo nyekundu na kioo havihusiki hata kidogo, na dakika mnazopoteza kutafuta khanga za kufunikia ndizo za kuwaingiza watoto ndani. Sikilizeni ngurumo: kama kati ya mmweko na ngurumo hazipiti sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kuwafikia. Watoto watoke uwanjani, chini ya mti, kwenye mlingoti wa bendera, magoli na bomba la maji. Wasirudi nje mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Darasani wakae mbali na kuta, madirisha, nyaya na nguzo za chuma, bila kuegemeana. Lakini darasa peke yake si kinga. Januari 2025 huko Bukombe, Geita, radi iliua wanafunzi 7 waliokuwa ndani ya darasa. Ndiyo maana nasema mtego wa radi uwe kwenye makisio ya kila jengo jipya la shule ukanda wa Ziwa, kama yalivyo madirisha.

Mtego wenyewe ni ncha juu ya paa, waya mnene wa shaba usiokatwa wala kupindwa kona kali, na fimbo zilizozama ardhini penye unyevu. Kipimo cha ukinzani wa ardhi kikae chini ya omu 10, kipimwe na fundi umeme mwenye kifaa, na kirudiwe kila mwaka. Waya wa shaba huibwa. Ukikatwa katikati, ncha iliyobaki juu haina pa kuupeleka umeme, na jengo liko hatarini kuliko mnavyodhani. Mkaguzi wa kwanza ni nyinyi: kila Februari ufuateni kwa macho kutoka juu hadi chini.

Mtoto akipigwa, mguseni. Mwili haubaki na umeme. Kama hapumui anza kumbonyeza kifua papo hapo, huku mwingine akitafuta gari.

Tumefungiwa gata na tangi la lita 5,000, mvua ikinyesha maji yanamwagika katikati ya paa na tangi halijai. Fundi anasema bati ni bovu. (Mwenyekiti wa kamati, Karatu)

Bati halina kosa, gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa, limelala. Linatakiwa kushuka nusu sentimita kwa kila mita kuelekea bomba. Jengo la mita 20 lishuke sentimita 10, na vishikizio visiachane zaidi ya sentimita 60, kwa sababu gata lililojaa maji ni zito na hubonyea katikati, hapohapo mnapoona yakimwagika. Fundi avute uzi kabla ya kupiga msumari. Asiyevuta uzi msimlipe.

Hesabu ni hii: mita ya mraba moja ya paa ikipata milimita 1 ya mvua inatoa lita 1, toa moja ya tano inayopotea. Paa la mita 20 kwa 8 lina mita za mraba 160, hivyo mvua ya milimita 40 inajaza tangi lenu. Msipolijaza masika yote, maji yanapotea njiani.

Baada ya siku kadhaa za jua, maji ya mwanzo yana kinyesi cha popo na ndege. Kiungo cha bomba kinachoingia tangini kisigundishwe, kigeuzwe nje kwa dakika 15 za kwanza, kisha kirudishwe. Mdomo wa tangi ufungwe wavu wa mbu. Tangi likijaa lina tani 5 za maji, kwa hiyo kitako kiwe cha zege juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Matofali yaliyopangwa yatalaza tangi upande msimu huuhuu.

Na msijidanganye: kwa watoto 400 wakinywa lita moja kila mmoja, lita 5,000 ni siku 12. Yawe ya kunywa na kupikia, ya kudeki yatoke kwingine.

Mwanangu amerudishwa nyumbani kwa kukosa 2,000 ya mpishi. Ni sawa? (Mama mzazi, Same)

Si sawa, mama. Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 elimu ya msingi ni bila ada, na mtoto hafukuzwi darasani kwa mchango aliokosa mzazi wake. Mrudishe kesho asubuhi. Ukikataliwa, nenda kwa afisa elimu kata, kisha halmashauri, ukiwa na tarehe na kiasi ulichodaiwa. Lakini mpishi naye lazima alipwe. Kama huna fedha, ongea na kamati utoe kuni au siku ya kupika. Nawaonya walimu pia: fedha za wazazi zisipite mikononi mwenu, hata kwa nia njema.

Watoto wa ng'ambo ya mto wanakosa shule wiki nzima mto ukijaa. Tuwahesabu watoro? (Mwalimu wa darasa, Rufiji)

Msiwahesabu, na msiwaambie wavuke. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini yanamwangusha mtu mzima, seuze mtoto wa darasa la pili. Aprili 2024 jijini Arusha gari la shule lilisombwa na maji na watoto wakafa. Kama gari linachukuliwa, kamba mliyofunga mtini haimwokoi mtu.

Hatari kubwa iko saa ya kurudi. Asubuhi mto ni mdogo, mchana mvua inanyesha milimani, saa tisa maji yamefika kwenu, huku jua linawaka na kumekauka. Mwenye simu kijiji cha juu awapigie maji yanapopanda, nanyi muwaruhusu wa ng'ambo mapema au muwe mmeshapanga nyumba za kulala upande wenu. Majina ya nyumba hizo yaandikwe kwenye kikao cha Februari. Kwa masomo, waandalieni mazoezi ya wiki mbili mapema, yakae kwa mzazi mmoja aliye ng'ambo.

Shimo la choo limejaa maji ya mvua na linafurika. Tuchimbe jipya? (Mwalimu wa afya, Kilosa)

Si sasa. Shimo linalochimbwa ardhi ikiwa imelowa huporomoka na kuua mchimbaji. Lifungeni, gaweni zamu kwenye matundu yaliyobaki na chimbeni mtaro wa kukinga maji juu ya mteremko. Jipya lichimbwe kiangazi, mita 30 au zaidi kutoka kisimani, sakafu ikae sentimita 15 juu ya ardhi. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hesabuni wasichana kwanza, maana wao ndio wanaoacha kuja shule choo kikiharibika.

Tunajiandaa na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, mistari ya uwanja inafutwa na mvua. Chokaa gani inadumu? (Mwalimu wa michezo, Lushoto)

Hakuna inayodumu masika. Tumieni majivu makavu au chokaa iliyokwishazimwa, mchore upya asubuhi ya mchezo. Chokaa hai, ile isiyozimwa kwa maji, isiguse uwanja, ikichanganyika na tope inaunguza ngozi na macho ya mtoto anayeanguka. Na ringi ya netiboli iwe mita 3.05 kutoka chini, ipimwe tena baada ya kila mvua kubwa, kwa sababu nguzo huzama.