Kongani ya viwanda kwenye mteremko: maswali yenu kuhusu udongo, maji na kuta

Maswali mengi safari hii yametoka kwa watu waliopata ardhi ya viwanda kwenye miinuko, baada ya tambarare kuchukuliwa na waliowatangulia. Nimeyafupisha bila kuyabadili maana.

Swali: Kiwanja chetu ni hekta 12: mita 300 kutoka juu hadi chini, mita 400 kwa upana, mteremko asilimia 6. Mbunifu anataka tusawazishe chote, kila ghala likae levo moja. Mkandarasi ameafiki. Nisaini?

Usisaini bado. Mkandarasi anayelipwa kwa mita ya ujazo hana haja ya kukupunguzia udongo wa kuhamisha.

Tupige hesabu. Asilimia 6 kwa mita 300 ni tofauti ya mita 18. Ukisawazisha kwa levo moja, ukingo wa juu utachimbwa mita 9 na wa chini utajazwa mita 9, na udongo wa kuhamisha utafika mita za ujazo 270,000 hivi. Ukikata ngazi tatu, kila moja na upana wa mita 100, hakuna mahali utakapochimba au kujaza zaidi ya mita 3, na jumla inashuka hadi 90,000. Theluthi moja tu.

Ila ngazi nazo zina gharama zake. Kati ya ngazi na ngazi kuna kimo cha mita 6. Ukikiacha kiwe mteremko wa udongo, mita 2 za mlalo kwa kila mita 1 ya kimo, kinakula mita 12 za ardhi. Miteremko miwili ya namna hiyo kwa urefu wa mita 400 inameza karibu hekta nzima. Ukijenga ukuta unaokoa ardhi, lakini unalipia zege na nondo. Halafu kuna malori. Semitrela iliyojaa ikipanda mita 6 kwa barabara ya asilimia 5 inahitaji mita 120 za barabara, kwa hiyo njia haiwezi kukwea moja kwa moja, lazima ipite kimshazari. Mbele ya milango ya kupakia pawe karibu tambarare: lori likirudi nyuma huku limeinama, sakafu yake haikutani sawa na ya ghala, na foklifti inayopita pale katikati inagonga kila mara.

Hapa ndipo michoro mingi ya ngazi hukwama. Majengo yamewekwa kwanza, njia ya lori inatafutwa baadaye. Mimi ningeanza na barabara, nifuate na levo za ngazi, na majengo yaje mwisho, upande mrefu wa kila ghala ukilala sambamba na kontua, yaani mstari wa ramani unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Mwombe mbunifu akuletee mchoro wa pili kwa mpangilio huo, ndipo ulinganishe bei.

Swali: Tulihesabu udongo wa kuchimba ulingane na wa kujaza. Sasa tunanunua kifusi kutoka nje. Tulikosea wapi?

Pengine mlichukulia kwamba mita moja ya ujazo inabaki vilevile popote ilipo. Udongo ukichimbwa huvimba, mara nyingi kwa asilimia 20 hadi 30, ndiyo maana malori yalionekana mengi. Ukishindiliwa kwa rola huweza kupungua hata chini ya ujazo uliokuwa nao ardhini. Mwamba ni kinyume: ukishavunjwa haurudi kwenye ujazo wake wa mwanzo. Kisha kuna udongo wa juu wenye mizizi, ambao haufai kujazia chini ya jengo. Sentimita 20 tu kwenye hekta 12 ni mita za ujazo 24,000, na wengi husahau kuzitoa kwenye hesabu. Msiutupe, utahitajika kuoteshea nyasi kwenye miteremko.

Swali: Ghala letu nusu limekaa kwenye ardhi iliyochimbwa, nusu kwenye kifusi. Sakafu imepata ufa pale pale mpakani. Tuzibe?

Kabla ya kuziba, mweke mpima ardhi afunge alama pande zote mbili za ufa na azisome kila mwezi. Kifusi kikiwa bado kinashuka, ufa utarudi. Hata kilichoshindiliwa vizuri hushuka kidogo kwa uzito wake, ilhali ardhi iliyochimbwa haisogei kwa kiasi hicho. Na msiseme milimita chache si kitu. Foklifti yenye upana wa mita 1.2, ikikanyaga mahali ambapo gurudumu moja limeshuka milimita 3, mlingoti wake wa mita 10 unaegama sentimita 2.5 huko juu, mahali ambapo uma unaingizwa katikati ya rafu.

Ambao hamjajenga: pelekeni ghala lote upande uliochimbwa, maegesho yakae kwenye kifusi. Ikishindikana, chimbeni zaidi upande wa ardhi asilia na mjaze upya, ili mabadiliko yawe ya polepole. Kifusi kiwekwe kwa tabaka za sentimita 20 hadi 30, na kila tabaka lipimwe kabla ya linalofuata. Kipimo cha kawaida ni asilimia 95 ya msongamano wa juu uliopatikana maabara, kwa njia iliyoanzishwa na mhandisi Mmarekani Ralph Proctor mwaka 1933. Rola kupita mara nyingi si ushahidi wa chochote.

Swali: Ukuta wa kuzuia udongo, kimo mita 4, umetoa tumbo baada ya mvua. Fundi anataka kuuongezea unene.

Mwulize kwanza maji ya nyuma ya ukuta yanapita wapi kutoka nje. Ukuta wa mita 4 ukijaa maji nyuma yake husukumwa na maji peke yake kwa takriban tani 8 kila mita moja ya urefu, mbali na msukumo wa udongo. Angalia matundu ya kutolea maji: yakiwa makavu huku udongo wa nyuma umelowa, yameziba. Nyuma panatakiwa kokoto, kitambaa cha kuchuja na bomba la kupeleka maji nje. Wakati huohuo ondoeni watu na mizigo karibu na ukuta huo, na mhandisi wa miundo aukague; uliokwisha kutoa tumbo huenda usifae tena.

Swali: Kuna chemchemi ndogo katikati ya eneo la kujaza. Tumeshauriwa tuifunike kwa mawe na kuendelea.

Hapana. Huko Aberfan, Wales, lundo la taka za mgodi wa makaa lililorundikwa juu ya chemchemi liliporomoka tarehe 21 Oktoba 1966 na kuua watu 144, kati yao watoto 116. Chemchemi hukingwa pale inapotokea, ikapitishwa kwenye mfereji wa mawe na bomba hadi nje ya kifusi, na mdomo wa bomba ukaachwa mahali panapoonekana ili ujue siku maji yalipopungua ghafla.

Swali: Majirani wa chini wanalalamika kuhusu maji yetu, na hata paa hatujapiga.

Wana haki. Mvua ya milimita 50 kwa saa kwenye hekta 12 ni mita za ujazo 6,000 kwa saa. Nyasi zilikuwa zikinywa sehemu kubwa. Ardhi iliyokwanguliwa na greda hainywi, na inatoka na tope. Bwawa la kupunguza kasi ya maji lichimbwe kabla ya kazi nyingine, sehemu ya chini kabisa. Wakati wa ujenzi litanasa tope. Mkimaliza, zoeni tope lake na libaki kupokea maji ya paa na lami.

Swali: Udongo wetu ni mweusi na unapasuka wakati wa ukame. Chokaa inasaidia?

Chini ya barabara na maegesho, mara nyingi ndiyo. Pimeni kwanza salfeti, aina ya chumvi iliyomo kwenye udongo: ikiwa nyingi, chokaa huufanya udongo uvimbe zaidi.