Manos ni ya Joel, sio Mike

Hapana mzee, unasema ni Mike, ila kwenye episodi ya Manos, ile filamu mbovu ya kutisha, aliyekaa na wale maroboti kuicheka ni Joel. Episodi hiyo ya Mystery Science Theater 3000, kile kipindi cha TV cha Marekani ambacho mtu na maroboti wanadhihaki filamu mbovu, ilirushwa Januari 1993, mwisho wa msimu wa 4, na Joel kaondoka Oktoba mwaka huohuo baada ya episodi ya filamu ya Mitchell, ndo Mike akashika usukani. Nahisi kinachokuchanganya ni kwamba Mike yumo humo kweli, ila kavaa kama Torgo, yule mhusika wa Manos mwenye magoti manene, anawaletea pizza kina Dokta Forrester, yule mwanasayansi mwovu wa kipindi, kwa mwendo wa kobe mpaka unatamani umsukume. Mi nimeirudia mara kibao na ile safari ya gari mwanzoni mwa filamu bado inanishinda, mashamba yanapita tu yanapita hakuna kinachotokea.