Wasomaji Wanauliza: Pointi ya Aliyefungwa

SWALI: Mhariri, salamu. Mwanangu, ambaye hufuatilia ligi za dunia nzima kwenye simu, alinionyesha msimamo wa ligi kuu ya Tahiti. Timu ya mkiani ilikuwa imefungwa mechi zake zote bila hata sare moja, lakini kwenye safu ya pointi hapakuwa na sifuri. Nilimwambia kuwa wamekosea kuandika, naye akashikilia kwamba kule ndivyo wanavyohesabu. Nani kati yetu amesema kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mwanao amekushinda, ndugu msomaji. Katika Ligue 1 ya Tahiti, ambayo ndiyo ligi kuu ya Polinesia ya Ufaransa, ushindi una pointi 4, sare ina pointi 2, na timu iliyofungwa huondoka na pointi 1. Sifuri haikufutwa, bali imepewa kazi nyingine, nayo ni kumwadhibu asiyefika uwanjani. Wala si jambo lililozuliwa visiwani, kwa kuwa ligi za ridhaa za Ufaransa zilihesabu hivyohivyo kwa miaka mingi.

Sasa chukua kalamu. Timu iliyocheza mechi 18, ikashinda 10, ikatoka sare 5 na kufungwa 3, kwa hesabu tuliyoizoea ingekuwa na pointi 35. Kwa hesabu ya Tahiti ina 40 za ushindi, 10 za sare na 3 za kufungwa, jumla 53. Ukitoa 35 katika 53 zinabaki 18, na hiyo ndiyo idadi ya mechi zilizochezwa. Haikutokea kwa bahati, kwani kila tokeo limeongezewa pointi 1 juu ya zile 3, 1 na 0 za kwetu. Kwa hiyo timu zote zikishamaliza idadi sawa ya mechi, na hakuna iliyokacha hata moja, bingwa atakuwa yuleyule na wa kushuka daraja atakuwa yuleyule.

Mambo hubadilika katikati ya msimu, wakati wa viporo. Tuseme timu moja imecheza mechi 10, imeshinda 6, imetoka sare 1 na kufungwa 3. Ina pointi 29. Nyingine imecheza mechi 8 tu, imeshinda 6 na kutoka sare 2, haijafungwa na yeyote. Ina pointi 28 na viporo viwili mkononi. Kwetu hiyo ya pili ingekaa juu kwa pointi 20 dhidi ya 19, lakini Tahiti iko chini. Anayesoma msimamo wa ligi ile aanze na safu ya mechi zilizochezwa, la sivyo atampongeza asiyestahili.

Faida ya pointi hiyo moja ataielewa upesi mtu aliyewahi kusimamia timu ya mtaani. Msimu unaelekea ukingoni, ubingwa umeshakwenda kwa wengine, wachezaji watatu wako zamu kazini, mmoja ana harusi ya dada yake, na mpinzani wa Jumamosi ni kinara wa ligi. Kwa hesabu ya kwetu, kwenda kufungwa sita bila na kubaki nyumbani vyote huleta sifuri, na ndiyo maana kanuni zetu hulazimika kuongeza faini na ushindi wa mezani. Tahiti adhabu iko ndani ya msimamo wenyewe: kibonde aliyefungwa mechi zote 18 lakini akafika katika zote ana pointi 18, na mwenzake aliyefungwa vivyo hivyo ila akakacha mbili ana 16, na huyo ndiye wa mwisho. Binafsi naona ni adhabu yenye uzito kuliko faini, maana faini hulipwa na mfadhili, ilhali pointi hukatwa kwa wachezaji.

SWALI: Ikiwa Tahiti iko chini ya Ufaransa, klabu zake hucheza mashindano gani ya nje? Nauliza kwa sababu sisi Wazanzibari suala hili tunalijua kwa machungu. (Msomaji, Mjini Magharibi)

JIBU: Machungu yenu yanaeleweka, kwani mwaka 2017 Zanzibar ilipokewa kuwa mwanachama kamili wa CAF mwezi Machi, na kufikia Julai uanachama huo ulikuwa umeondolewa. Tahiti imekuwa na bahati zaidi. Ni mwanachama wa FIFA tangu 1990, na klabu zake hushiriki Ligi ya Mabingwa ya Oceania, ambamo Tefana ilifika fainali mwaka 2012 na Pirae mwaka 2006 na 2024, na mara zote tatu zikafungwa na Auckland City ya New Zealand.

Juu ya hapo, klabu moja ya Polinesia hupewa nafasi ya kuingia Kombe la Ufaransa katika raundi ya saba, na mechi ikipangwa bara hulazimika kusafiri zaidi ya kilomita 15,000. Novemba 2021 Vénus, klabu ya mji wa Mahina, ilifunga safari hiyo ikaifunga Trélissac mabao 2 kwa 0. Hapo awali hakuna klabu ya Tahiti iliyokuwa imeshinda katika ardhi ya Ufaransa bara.

SWALI: Februari 2022 nilikuwa uwanjani hapa Abu Dhabi, Pirae ya Tahiti ilipofungwa 4 kwa 1 na Al Jazira katika Kombe la Dunia la Klabu. Walifikaje huku, na je, wachezaji wale hulipwa? (Msomaji, Abu Dhabi)

JIBU: Walifika kwa kuziba pengo. Mashindano ya Oceania ya 2021 yalifutwa kwa sababu ya korona, Auckland City ikateuliwa kuwakilisha kanda, kisha ikajitoa kutokana na masharti ya karantini ya New Zealand, na nafasi ikaangukia Pirae.

Kuhusu malipo, ligi ile ni ya ridhaa kwa kiasi kikubwa. Tahiti ilipokwenda Brazili mwaka 2013 kucheza Kombe la Mabara, baada ya kutwaa ubingwa wa Oceania mwaka uliotangulia, kikosi kizima kilikuwa na mchezaji mmoja tu wa kulipwa, Marama Vahirua. Wengine walitoka kazini, wakiwamo walimu na madereva. Walifungwa 6 kwa 1 na Nigeria, 10 kwa 0 na Hispania, na 8 kwa 0 na Uruguay. Bao lao pekee lilifungwa kwa kichwa na Jonathan Tehau dhidi ya Nigeria, mjini Belo Horizonte, na mara baada ya hapo wachezaji walikaa nyasini kwa safu, mmoja nyuma ya mwingine, wakapiga makasia hewani kama watu walio ndani ya mtumbwi.