Beji ya Skegness

Ndani ya kasha la mama, chini ya kanga zake za zamani, nilikuta beji ndogo ya chuma imeandikwa Skegness, 1966. Mwaka huo nilikuwa na miaka sita. Beji hiyo imenifundisha jinsi ya kuzikusanya kumbukumbu za utotoni, na nawaandikia hasa nyinyi mliokulia Uingereza na wazazi wenu bado wako hai: msichelewe.

Sisi tulitoka Unguja tukafikia Leicester. Baba alipata kazi kiwandani, na wenzake ndio waliomweleza habari za kambi ya likizo ya Butlin's pale Skegness, pwani ya Lincolnshire. Unalipa mara moja, kila kitu kimo: kijumba cha kulala, milo mitatu, michezo, muziki wa jioni. Billy Butlin, mzaliwa wa Cape Town, aliifungua mwezi wa Aprili 1936. Alikuwa ameona jinsi wenye nyumba za wageni za pwani walivyokuwa wakiwatoa wageni nje mchana kutwa, hata mvua ikinyesha, akataka familia za wafanyakazi zipate pahali pa kukaa. Wakati wa vita jeshi la majini liliichukua kambi hiyo kwa mafunzo, likaiita HMS Royal Arthur.

Hayo utayasoma popote. Yaliyomo kichwani mwa mama yako hayasomeki popote.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilimuuliza, "Mama, Skegness ilikuwaje?" Akasema, "Ilikuwa nzuri, mwanangu," basi. Wiki iliyofuata nikamuuliza alitia nini ndani ya sanduku. Hapo akafunguka: kanga mbili, maziwa ya mdogo wangu, na pilipili ya unga kwenye kopo la kahawa, maana chakula cha kule hakikuwa na ladha. Mezani tulikula mayai na samaki. Nyama ya nguruwe tulirudisha. Upepo wa Bahari ya Kaskazini ulimwingia hadi mifupani. Lakini maji yalipokupwa, yakaenda mbali kama ya kwetu, alijifunga kanga juu ya koti akashuka kuokota makombe. Hilo sikulijua miaka yote.

Kwa hiyo uliza vitu vilivyoshikwa kwa mkono, usiulize hisia. Hisia zitakuja zenyewe.

Akanieleza pia habari za usiku. Wazazi walipokwenda kwenye dansi, wafanyakazi walipita vijumbani wakisikiliza, na mtoto akilia, namba ya kijumba ilitangazwa ukumbini. Mama hakukubali. "Mwanangu alindwe na mpita njia?" Baba akaenda peke yake, akarudi baada ya nusu saa.

Jambo la pili: linganisha kumbukumbu na vitu. Beji hizo zilitolewa kila mwaka hadi 1967, zikiwa na jina la kambi, kwa hiyo hukupa tarehe bila ubishi. Treni ya reli moja ya Skegness ilianza 1965. Ukiiona kwenye picha, unajua picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Mimi nimewasimulia wanangu kwa miaka kwamba baba ndiye aliyenipandisha treni ile. Picha inaonyesha ami yangu. Nimeandika yote mawili, nililokumbuka na linaloonekana, kwa sababu hata kosa lina maana: nilitamani awe baba, ambaye mara nyingi alikuwa zamu ya usiku.

Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, taratibu, jina na uhusiano. "Ami" peke yake haitoshi. Mjukuu atajuaje ni ami wa nani?

Kama familia yako ilikwenda Filey, kambi nyingine ya Butlin's, fanya haraka zaidi. Kambi ile ilifungwa 1983 na majengo yakabomolewa, hakuna pa kumpeleka mzee. Kambi za Skegness, Minehead na Bognor Regis bado zipo, na Skegness wamehifadhi kijumba kimoja cha mwanzoni. Nilipomwonyesha mama picha ya kijumba hicho, alisogea karibu akasema chetu kilikuwa na pazia la maua, na mlango wake ulikwama.

Jumamosi hii naenda kwake na kioo cha kukuzia. Kwenye picha ya ufukweni kuna msichana ameshika ndoo, amesimama kando yangu, na bado hatujamjua ni nani.