Ukisimama kwenye Ngalawa, Legeza Magoti

Anayepanda ngalawa mara ya kwanza ufukweni Bagamoyo hufanya kosa lile lile: hukaza mwili mzima, magoti, kiuno, mpaka meno. Mwili uliokazwa unakuwa kipande kimoja na chombo. Chombo kikilala upande, naye hulala nacho.

Habari za kuyumba huufikia ubongo kwa njia tatu. Nyayo, misuli na viungo vya miguu huhisi uzito umeegemea wapi. Macho hutazama vitu vilivyotulia. Sikio la ndani nalo lina mifereji mitatu yenye majimaji, inayohisi kichwa kikigeuka, na vifuko viwili vyenye chembe kama za chokaa, vinavyohisi kichwa kikiinama au mwili ukisukumwa. Barabarani ubongo husikiliza nyayo zaidi. Majini nyayo hudanganya, kwa sababu unachokikanyaga chenyewe kinahama. Kazi inabaki kwa macho na sikio. Basi ukiinamia simu umejipokonya macho. Tazama mbali, minazi ya pwani au pale bahari inapokutana na mbingu.

Wakati wa kuingia, inama, shika ukingo kwa mikono miwili, na mguu wa kwanza ukanyage katikati ya gogo lililochongwa, ambalo ndilo chombo chenyewe. Ukikanyaga ukingoni, uzito wako wote unakuwa upande mmoja, na hata ndubi, zile mbao za pembeni, hazitakuzuia kupepesuka. Ukishaingia, keti. Hakuna aibu, wavuvi wazoefu nao hukaa pale wasipokuwa na kazi inayowataka wasimame.

Ikibidi kusimama, tanua miguu kadiri ya upana wa mabega, au kadiri gogo linavyoruhusu, mmoja utangulie kidogo. Kunja magoti mpaka yawe juu ya vidole. Chombo kikiinuka upande wa kulia, goti la kulia likunjike zaidi na la kushoto linyooke, nyonga zifuate, kichwa kibaki palepale. Waangalie wabebaji wanaotoa samaki majini na tenga kichwani: chini kila kitu kinacheza, shingo haitikisiki.

Mwili una kinga tatu dhidi ya kuanguka. Ya kwanza ni kifundo cha mguu, kinachotosha mahali pagumu na papana. Ya pili ni nyonga, zinazotupwa upande mmoja huku kifua kikienda wa pili. Hii ndiyo ya mahali pembamba. Ya tatu ni kupiga hatua, na ndani ya ngalawa hatua haina pa kutua. Kwa hiyo ukiona nyonga zimeanza kurushwa ovyo, usingoje: chuchumaa. Uzito wa mtu aliyesimama umejikita karibu na kitovu, na kila unavyoushusha ndivyo chombo kinavyokuwa kigumu kupinduka.

Mazoezi hufanyika nyumbani, miguu mitupu, karibu na ukuta. Simama miguu pamoja kwa sekunde 30, kisha ufumbe macho sekunde 30. Ukiweza, rudia juu ya blanketi lililokunjwa mara nne au kipande cha godoro la sponji. Hapo, macho yakiwa yamefumbwa, karibu kazi yote ni ya sikio. Ukiyumba, gusa ukuta kwa ncha ya kidole bila kuegemea. Mguso mwepesi tu hupunguza kuyumba, kwa kuwa kidole kinaleta habari, si nguvu. Ufukweni, tembea kwenye mchanga mkavu laini. Kandambili uziache, zinaziba nyayo masikio.

Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni, au aliyewahi kuchomwa sindano za streptomaisini au jentamaisini akabaki na kizunguzungu, amuone daktari kabla ya mazoezi haya. Dawa hizo mbili zinaweza kudhuru sikio la ndani.

Ukishuka, ardhi inaweza kuendelea kucheza chini yako, maana ubongo bado unasawazisha mawimbi. Kwa kawaida hupita baada ya saa chache. Keti kidogo kivulini kabla ya kupanda bodaboda.