Mweka Hazina Mwenye Busara Mara Tatu

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Mimi ni katibu wa chama cha akina mama cha kuweka na kukopeshana hapa Kisauni, Mombasa. Mwanachama tunayetaka awe mweka hazina aliandikiwa barua ya sifa kwa Kiingereza na mwajiri wake wa zamani, nami nikaombwa niifasiri ili isomwe kikaoni. Barua ilisema kwamba ana “discretion”, kwamba ni “prudent” katika mambo ya fedha, na kwamba ni “shrewd” anaponunua bidhaa. Nikaandika mara tatu kuwa ana busara. Mwenzetu mmoja anayekijua Kiingereza akasema nimeficha jambo, kwani neno la tatu maana yake ni mjanja, na mjanja hakabidhiwi pesa za watu. Kikao kikavurugika. Je, nilikosea?

JIBU: Bi Katibu, aleikum salaam. Hukusema uongo, ila ulimpunja mwenzako, kwa kuwa alisifiwa kwa mambo matatu nawe ukampa moja. Neno busara tumelipata katika Kiarabu, kwenye shina la kuona kwa macho, na ni pana kiasi cha kumfaa kila aliyeliona jambo lilivyo kabla ya kulitia mkono. Upana huo ni neema katika mazungumzo, lakini katika barua ya sifa unafuta kile hasa mwandishi alichotaka kijulikane.

“Prudent” ni neno la asili ya Kilatini, nalo lilizaliwa na maana ya kuona mbele. Anayesifiwa hivyo ni kama nahodha wa jahazi ambaye hangoji kusi likaze ndipo akumbuke kukagua tanga na kamba. Ndilo neno lililotumiwa katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 201, katika nakala ya Kiingereza, kuhusu namna fedha za umma zinavyopaswa kutumiwa. Kwa mweka hazina, basi, ni mtu wa tahadhari, anayetumia leo huku akiihesabu kesho.

“Discretion” ina mambo zaidi. Shina lake la Kilatini ni kupambanua, na ndani ya shina hilo mna kitendo cha kuchekecha. Mtazame mama aliyeketi barazani na ungo wake wa mchele: anapepeta, makapi yanapeperuka, kisha anainama na kuokota chuya na vijiwe kimoja kimoja kwa ncha za vidole. Mwenye sifa hii huyafanyia maneno vivyo hivyo, akajua la kusema na la kusitiri, nani aambiwe na wakati gani. Sisi watu wa pwani tuna neno sitara, nami naliona liko karibu na maana hiyo kuliko busara. Angalia tu kwamba katika sheria na katiba za vyama neno hilohilo lina kazi nyingine: mkiandikiwa kwamba jambo fulani liko katika “discretion” ya kamati, maana yake ni kwamba kamati imepewa hiari ya kuamua, wala hapo hakuna anayesifiwa.

Sasa tufike penye ugomvi. Mwenzenu hakubahatisha, kwa sababu zamani “shrewd” lilikuwa neno la lawama, likimaanisha mtu mwovu na mwenye hila, na ingawa leo ni sifa, harufu ya kale haijaisha. Hutumiwa kwa mtu asiyedanganyika katika biashara, anayejua bei ya kweli ya kitu hata muuzaji akiapa. Kiswahili nacho kimepitia njia kama hiyo. Katika Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya muungano, nyoka wa Mwanzo 3 ameitwa mwerevu, naye anapotajwa tena katika Mathayo 10:16, wanafunzi wanaambiwa wawe na busara kama nyoka. Mnyama ni mmoja, lakini kule amekuja kupotosha na huku ametolewa mfano wa kuigwa, na wafasiri wakabadilisha neno. Waingereza wenyewe hawakukubaliana kuhusu aya hiyo ya Mathayo, kwani tafsiri ya mwaka 1611 ilisema “wise”, na baadhi ya tafsiri za siku hizi zinasema “shrewd”. Siku hizi mwerevu ni neno la heshima, nalo lingekufaa. Mjanja siliafiki hata kidogo, japokuwa vijana wetu wanalitumia kwa kusifu, kwa sababu mbele ya wazee na sanduku la fedha bado linanuka hila.

Hekima, ambayo kwa Kiingereza ingekuwa “wisdom”, barua haikuitaja, na ulifanya vyema kutoitia. Shina lake ndilo lililotupa hakimu na hukumu, na ni sifa ya mtu ambaye umri na mambo vimemfunza hata wengine wakamwendea kwa shauri.

Nakuomba umrudishie mwenzako haki yake katika kikao kijacho. Mimi ningeisoma barua hivi: “Bibi huyu ni mwenye sitara na mtunza siri, ni mwangalifu katika matumizi ya fedha, naye huifikiria kesho, na katika ununuzi ni mwerevu, hapunjwi wala hadanganyiki.”