Injini inamisi asubuhi tu? Mzuie fundi asiguse pampu

Ndugu, umesema gari lako Premio huko Kabale linamisi, yaani silinda inakosa kuwaka na injini inatetemeka dakika mbili tatu kila asubuhi, injini ikipata joto inatulia, na fundi anataka kubadilisha pampu ya petroli. Mzuie kwanza. Pampu mbovu kwa kawaida hukusumbua ukiwa na mzigo unapanda mlima.

Pima kwa mashine ya kusoma hitilafu za gari, injini ikiwa bado baridi. Kodi (namba za hitilafu) P0301 hadi P0304 hutaja silinda kwa tarakimu ya mwisho. Tuseme imetoka P0302: hamishia koili (inayopeleka umeme kwenye plagi) ya silinda ya 2 kwenye ya 3, ya 3 uilete ya 2, futa kodi, ukalale, uwashe kesho. Ikigeuka P0303, mchawi ni koili. Isipohama, rudia hivyo hivyo kwa plagi. Gharama yake ni subira tu.

Ikiwa P0300, misi inahamahama, basi tazama sensa ya joto la maji. Injini baridi hutaka petroli nyingi zaidi. Sensa ikidanganya kwamba injini ina joto tayari, kompyuta inabana mafuta. Kabla ya kuwasha alfajiri, mashine isome joto la maji karibu sawa na la hewa. Ikisoma 60 na wewe umevaa sweta, umempata mwongo.

Maji ya rejeta je, yanapungua? Yakipungua, na moshi mweupe ukatoka kwenye egzosi, shuku gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na usiliendeshe gari. Mimi nilipuuza, nikalipia hedi nzima.